UZI: Toyota Premio ya zamani (2001 mpaka 2007), matunzo na matengenezo. Pima kwanza, spea baadaye

Fundi wa Uani (mwenye uzi):

Wakuu habari za majukumu. Kila nikipita humu nakuta mtu anauliza Premio yangu inakula oil ninunue injini ipi, mwingine taa ya cheki injini imewaka fundi kamwambia abadili sensa, kabadili, taa bado inawaka, sasa kaambiwa abadili nyingine. Hizi gari ndo nazishika kila siku na kusema kweli inaniuma, maana nyingi ni gari za familia, zinapeleka watoto shule asubuhi na Jumamosi zinaenda msibani Kibaha, halafu mwenye nayo anamaliza akiba yote kwa spea ambazo gari haikuwa na shida nazo. Premio nyingi ninazoletewa zikiwa hoi zimeharibiwa na kubahatisha, fundi anakisia mteja analipa. Msimamo wangu ndo huo na nitaurudia mpaka mchoke: hakuna kununua spea kabla ya kupima.

Nazungumzia ile Premio iliyoanza kutoka mwishoni mwa 2001 ikachukua nafasi ya Corona Premio, mpaka 2007 ilipokuja sura mpya. Allion ya miaka hiyohiyo ni ndugu yake wa damu, kilichomo ndani ni kilekile, kwa hiyo wenye Allion msikimbie.

Kabla hujanunua hata plagi moja jua una injini gani. Usimuulize aliyekuuzia, fungua boneti usome kibati. NZT240 ni 1.5 injini ya 1NZ. ZZT240 ni 1.8 injini ya 1ZZ, na ZZT245 ni hiyohiyo 1.8 ila 4WD. AZT240 ni 2.0 injini ya 1AZ-FSE, ile D4. Zote hizo zinatumia cheni, hazina timing belti, kwa hiyo fundi akikwambia timing belti ya Premio hii imefikia muda wake chukua funguo zako uondoke kwa amani. Ile belti unayoiona nje ni ya alteneta na wenzake.

Oil ya injini. 1NZ na 1ZZ zote zinachukua lita 3.7 ukibadili pamoja na filta. Ukinunua galoni ya lita 4 kuna kidogo kinabaki, kiweke kwenye buti kitakufaa. Sasa wapo wanaomimina galoni yote ili isibaki, oil inapita alama ya juu ya dipstiki, krenki inaweza kuipiga ikatoa povu na nyingine inavutwa inaenda kuungua, halafu wiki mbili mbele mtu anasema gari yangu imeanza kula oil. Na hizi injini ni VVT-i, kuna mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka unaosukumwa na presha ya oil kupitia njia nyembamba na kachujio kadogo ka wavu, oil ikiwa tope kachujio kanaziba gari inakuwa nzito na taa inawaka. Mimi natumia 5W-30 au 10W-30, ikiwa imechoka sana naenda 10W-40 na namwambia mteja arudi kwenye kilomita 5,000 bila kuongeza hata moja, kwa sababu foleni ya Dar injini inazunguka masaa mawili wakati kilomita zimesoma 15 tu.

Gia boksi ndo mahali watu wanaua gari bila kujua. 1.5 na 1.8 ni gia boksi ya otomatiki ya kawaida yenye gia nne, mara nyingi inataka oil ya gia boksi inayoitwa T-IV, na ukichomoa dipstiki yake utakuta imeandikwa aina yake pale pale, isome, acha kuuliza mtaani. Inapimwa ikiwa ya moto, gari imesimama sehemu tambarare, injini inaunguruma, unaangalia upande ulioandikwa HOT. Ikiwa nyekundu safi iache. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, mwaga inayotoka kwenye nati ya chini, rudishia kiasi kilekile kilichotoka, tembea nayo wiki kadhaa, rudia. Kuisukuma yote kwa mashine kwa mara moja kwenye gia boksi iliyokaa miaka na oil nyeusi mimi sifanyi hata mteja akinibembeleza.

2.0 ni habari nyingine. Ile ni CVT, gia boksi isiyo na gia za kuhesabu, ina mkanda wa chuma ndani, inataka oil ya CVT ya Toyota inayoitwa TC. Ukitia ATF, yaani oil ya otomatiki ya kawaida kama ya 1.8, ule mkanda unaanza kuteleza, na CVT ikishaanza kuteleza hapo hamna tena habari ya kubadili oil.

Maswali tupeni hapa, semeni mfano wa gari, kilomita, na dalili yenyewe sio jina la spea mliloambiwa.

BabaNeema:

Fundi ubarikiwe sana. Mimi ni 1.8 ya 2003, inakula oil kweli kweli, nikitoka Dar kwenda Moro na kurudi dipstiki inakuwa imeshuka vibaya. Moshi siuoni sana. Fundi wangu kasema ringi za pistoni zimekwisha kabisa, kanitafutia injini ya mtumba tayari anasubiri hela tu. Nifanyeje?

Fundi wa Uani:

Mkuu BabaNeema shika hela yako kwanza. Ugonjwa huo wa 1ZZ unajulikana, zile pistoni za mwanzo vitobo vyake vya kurudishia oil ni vidogo na vichache, vikiziba masizi ile ringi ya chini kabisa inayokwangua oil inaganda haifanyi kazi. Toyota wenyewe walikuja kubadili pistoni miaka ya mwishomwisho. Sasa fikiria, hiyo injini ya mtumba unayotafutiwa imetoka kwenye gari ya umri gani? Ni 1ZZ ileile, pistoni zilezile, unanunua ugonjwa wako kwa mara ya pili.

Ila hata kabla ya kufika kwenye ringi kuna sehemu tatu zinatoa oil na hazihitaji kupasua injini. Kwanza osha injini, tembea siku mbili, halafu piga tochi upande wa belti. 1ZZ ina tenshona ya cheni imefungwa kwa nje na nati mbili za namba 10, ina kipira chake cha duara, kikikauka oil inachuruzika taratibu inashuka mpaka chini na upepo wa gari ikitembea unaisambaza, huoni tone hata moja ukiwa umepaki. Kipira hicho hakifiki bei ya chipsi mayai. Fundi asiichomoe tenshona kienyeji, akishaitoa injini isizungushwe hata kidogo, na kabla ya kurudisha asukume kile chuma cha kati kiingie ndani akifunge kwa kindoano chake, akishafunga nati azungushe krenki kidogo kinyumenyume kindoano kiachie, baadae ndo azungushe mbele kuhakikisha tenshona imekaza cheni. Asipojua hilo mpeleke anayejua.

Pili gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini. Tatu valvu ya PCV, ile inayovuta mvuke wa oil kuurudisha ndani. Ichomoe, itikise sikioni, inatakiwa isikike kakaka, puliza upande mmoja ipitishe upande wa pili igome. Ikiwa kimya au inapitisha kotekote badili.

Hizo zikikaa sawa ndo tunapima kompresheni, yaani presha ya kila silinda. Injini iwe ya moto, betri imejaa, chomoa soketi za koili (zile zinazopeleka moto kwenye plagi) na zima mafuta, toa plagi zote nne, kanyaga mafuta mpaka mwisho wakati wa kupiga stata. Andika namba ya kila silinda. 1ZZ nzima inasoma karibu 189 psi, isishuke chini ya 145, na silinda moja isipishane na nyingine zaidi ya 15. Ikiwa moja iko chini tia oil kidogo kwenye tundu la plagi upime tena, ikipanda ujue ringi au silinda, isipopanda tatizo liko juu kwenye valvu. Leta namba hapa.

Kipanga wa Mbezi:

Fundi heshima kwako lakini na mimi nina uzoefu. Nilifanyiwa ovaholi ya kufungua injini, nikazungushwa miezi, nikaja kuweka mtumba siku moja gari ikatembea mpaka leo. Watu wana kazi, hawawezi kuacha gari gereji mwezi mzima. Sio kila mtumba ni mbovu.

Fundi wa Uani:

Kaka Kipanga nakuelewa na sikatai, ovaholi ya fundi asiye na vipimo ni mbaya kuliko mtumba. Kama ni 1NZ iliyochemka mpaka hedi ikapinda na mtu anahitaji gari kesho, mtumba uliopimwa mimi mwenyewe namfungia. Neno ni hilo, uliopimwa. Ukifika kwa muuzaji iombe iwashwe palepale chini, fungua kifuniko cha oil angalia kama ndani ni rangi ya asali au tope jeusi, pima kompresheni kabla ya kutoa hela, na mwandikishane muda wa kuirudisha. Muuzaji akikataa kupimiwa umeshapata jibu lako. Ninachopinga ni kumuuzia mtu injini nzima wakati shida ilikuwa kipira cha tenshona.

Mama Junior:

Fundi shikamoo, mimi ni 1.5. Gari inatetemeka nikiwa kwenye foleni hasa nikiwasha AC, mpaka kioo cha ndani kinacheza. Nimeshabadilisha plagi, nikabadilisha pampu ya mafuta, bado. Sasa wanataka nibadilishe koili zote nne.

Fundi wa Uani:

Marahaba dada yangu. Pole sana kwa hiyo pampu. Ukiwa kwenye foleni mguu kwenye breki, toa D weka N, usiguse kitu kingine. Mtetemo ukiisha kabisa, mwelekee injini mauntini, zile zinazoshikilia injini kwenye bodi, ziko zaidi ya moja na mpira ukichanika injini inagusa bodi. Fundi afungue boneti, akanyage mtu breki aweke D halafu R, yeye aangalie injini inaruka kiasi gani.

Mtetemo ukibaki hata kwenye N basi injini inamisi, yaani kuna silinda haichomi vizuri. Hapo usinunue koili nne. Pima na mashine inayoongea na Toyota za Japani, kale kadude ka bluetooth ka bei chee mara nyingi kanagoma kwenye hizi. Tuseme imesoma P0302, yaani silinda ya pili ndo inamisi. Hamisha koili ya pili ipeleke ya tatu, futa ile namba ya kosa kwenye mashine, tembea, pima tena. Ikisoma P0303 koili hiyo ndo mbovu, nunua moja. Ikibaki palepale P0302 koili ni nzima, rudi kwenye plagi au nozo ya kupulizia petroli ya silinda hiyo. Ni kazi ya dakika kumi na haina gharama.

Na wakati koili imechomolewa chungulia lile shimo. Ukiona limejaa oil ile raba ya koili imelowa, moto unatoroka pembeni. Hiyo ni mipira ya tapeti kava imekauka, badilini mipira, safisheni shimo, koili iliyovimba raba ndo muitupe. Kitu kingine, waambie wasafishe throtoli, mlango wa hewa ya injini, ile sahani ikishika masizi pembeni hewa ya sailensi (gari ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) inakuwa ndogo, AC ikiwaka injini inakosa pumzi.

Pwani Dereva (Mombasa):

Salamu ndugu zangu wa Bongo. Huku Mombasa Premio ni nyingi sana na jua letu mnalijua. Makanika wote huku wakikuona tu wanatoa themostati wanakwambia hii ni ya nchi za baridi, gari inapoa. Yangu walitoa na kweli haichemki, lakini petroli inaninyonya sana siku hizi. Hizi zinahusiana ama ni mawazo yangu?

Fundi wa Uani:

Zinahusiana ndugu yangu, tena sana. Themostati ya hizi injini inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto la kazi na kuilinda pale. Ukiitoa maji yanazunguka muda wote, injini haifiki joto lake barabarani, kompyuta inaamini gari bado ni ya baridi inaendelea kumwaga petroli ya ziada kama asubuhi ya kwanza. Petroli hiyo inaosha oil kwenye silinda, ringi zinakwisha haraka. Joto la Mombasa ni nyuzi 30 na kitu, injini inataka zaidi ya 80, huo mwanya hata jua la Lodwar halijauziba.

Gari iliyokuwa inachemka ikaacha baada ya kutoa themostati ilikuwa na ugonjwa mwingine umefunikwa. Angalia kifuniko cha rejeta kama spring yake inashika presha, feni kama inawaka zote, rejeta kama imeziba kwa ndani. Na hapa niseme kwa wa Dar pia, maji ya kisima cha chumvi kwenye rejeta ni kuua rejeta, yanaacha magamba ndani na yanakula alumini ya hedi. Tia kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, na ukikwama njiani bora maji ya chupa ya dukani mpaka ufike.

Dereva wa Uyole:

Mzee mimi nina hiyo 2.0 D4, natoka nayo Mbeya kuja Dar mara kwa mara. Inazima sailensi na imekuwa nzito kupanda. Pia mlima Kitonga nikishuka breki zinanuka.

Fundi wa Uani:

D4 petroli inapuliziwa ndani ya silinda moja kwa moja, haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa kama kwenye 1.8, kwa hiyo hakuna kinachozisafisha na masizi yanajijenga pale mpaka njia inakuwa nyembamba. Dawa za kumimina kwenye tenki hazifiki hapo. Inabidi manifoldi ishuke na paoshwe kwa mkono, kazi chafu lakini gari inarudi. Petroli chukua kwenye vituo vinavyouza sana, pampu ya presha ya D4 haipendi uchafu, ile ya chupa za barabarani usiiguse.

Kitonga breki zikinuka maana yake unashuka kwa mguu. Shusha mwendo juu kabisa kabla ya kona ya kwanza na uache injini ikushike kwa kupunguza gia, wenye 1.5 na 1.8 wekeni 2 na pakiwa pakali wekeni L. Gusa breki ukate mwendo halafu achia zipoe. Usitoe gia kuweka N eti unabana mafuta, hilo limeua watu. Na uliza brek fluidi yako imebadilishwa lini, inanyonya unyevu wa hewa, ikipata moto maji yale yanachemka pedali inazama mpaka chini. Miaka miwili ibadilishwe, DOT 3 inatosha.

Mama Junior:

Fundi nimerudi. Nilifanya kama ulivyosema, nikiweka N mtetemo unaisha wote. Wamekuta mauntini ya upande wa kulia imekatika kabisa. Koili sijanunua. Mungu akubariki. Sasa kuna kitu kinagonga mbele nikipita rasta.

Fundi wa Uani:

Afadhali dada. Kwenye kugonga usikubali orodha ya "badilisha chini yote". Kugonga kwepesi kwa kotokoto kwenye vijishimo vidogo mara nyingi ni stebilaiza linki. Kugonga kuzito kwa mara moja ukiingia shimo ni bushi za wishiboni au boljointi. Kakakaka ukikata kona usukani umefika mwisho ni CV joint, na hapo chungulia ule mpira wake, ukichanika grisi inatoka mchanga unaingia. Gari ipigwe jeki, fundi ashike tairi juu na chini aitikise, halafu kushoto na kulia. Juu na chini ikicheza ni boljointi au beringi, kushoto na kulia ikicheza ni tairodi au rakiendi. Akuonyeshe kwa macho yako inavyocheza ndipo ulipe. Shokapu ukibadili badili mbili za mbele kwa pamoja, na ukishafunga spea za usukani nenda alaimenti siku hiyohiyo.

Matairi usiangalie kashata (meno ya tairi) tu, soma namba nne za mwisho baada ya DOT, mbili ni wiki mbili ni mwaka, 1419 ni wiki ya 14 mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri na miaka kumi sio la kubebea watoto kwenda nao Moshi Desemba.

BabaNeema:

Fundi nimerudi na namba. Tenshona ilikuwa imelowa kama ulivyosema, kipira kimekuwa kigumu kama plastiki. PCV ikitikiswa kimya. Zote zimebadilishwa. Kompresheni 176, 172, 178, 174. Oil sasa inashuka taratibu sana ukilinganisha na mwanzo lakini bado inashuka, na asubuhi nikiwasha inatoa moshi wa bluu kidogo halafu unapotea.

Fundi wa Uani:

Mkuu hizo namba ni nzuri, silinda zako zimelingana na hakuna iliyokaribia 145, kwa hiyo yule aliyekwambia imekwisha kabisa hakupima. Moshi wa bluu wa asubuhi unaopotea ni mipira ya valvu, oil inachuruzika usiku. Kinachobaki barabarani ni ile ringi ya chini, na hiyo kompresheni haiwezi kukuonyesha, ringi mbili za juu ndo zinashika presha.

Ushauri wangu endelea kuitumia. Kila ukijaza petroli pima oil asubuhi gari ikiwa baridi, ongeza aina ileile, andika kwenye daftari kilomita na kiasi. Ikivuka lita moja kwa kilomita 1,000 ndo tufungue, na tukifungua tunaweka ringi mpya, mipira ya valvu yote 16, na pistoni za toleo la baadae zenye vitobo vikubwa ukizipata. Usikubali mtu achonge silinda, bloku ya 1ZZ ni alumini na silivu zake ni nyembamba, Toyota hawakuitolea pistoni za ovasaizi. Na ole wake atakayekushauri utoe masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi eti gari ipumue, oil ikiungua kidogo hayo masega yanavumilia, ukiyatoa taa ya injini inaweza kuwaka na utashindwa kujua lini ina shida ya kweli.

Siku mkifungua, kabla fundi hajaosha pistoni mwambie asimame kwanza, piga picha ya ringi ya chini na vile vitobo nyuma yake, pistoni zote nne kwa mpangilio wa silinda, ulete hapa tuangalie pamoja kabla hujanunua chochote.